Daftari la Mahudhurio

Nilikuwa wa saba kutoka mlangoni,
Salomena, binti wa Hanuš mfinyanzi,
mwenye kamasi na soksi za kurithi,
sikujua kwamba kinywa changu kina herufi ndani yake
mpaka mwalimu Ctibor Halama alipoinua ubao wa mpeasi
alioutia nakshi kwa kisu cha kumenyea tufaha.
Bata bukini, shingo imepinda kama swali.
“Anasemaje huyu?”
Sssss, tukasema wote,
hata mtoto wa mchinjaji ambaye hakuwahi kusema neno.
“Basi hiyo ndiyo S. Mmekuja nayo kutoka nyumbani.”

Nyumbani! Sisi tulikuwa watu wa kuja.
Wazazi wetu waliivuka milima mwezi wa pili,
magurudumu yakilia katika theluji,
Moravia nyuma yao, funguo za milango mifukoni.
Wa kwetu mama aliutundika juu ya jiko
akaufuta masizi kila Jumamosi,
haukufungua kitu.
Mwalimu aliuazima siku moja, akatufundishia herufi yake,
akaurudisha umeviringishwa kitambaani kama yai.

Kilatini alikuwa nacho, tena tele.
“Kitangoja barazani,” alisema,
“aingie kwanza mwenye nyumba.”
Na mwenye nyumba alikuwa lugha ya mama zetu,
ile ya kukemea kuku na kuombea mkate.
Watu wa mji waliuliza: msichana na kalamu, wapi na wapi?
Akanisogezea wino karibu zaidi.

Fimbo tuliikuta shuleni, imekuja na jengo.
Aliisimika bustanini, njegere zikaiparamia.
Baba hakupenda. Mti hukunjwa ungali mche, akasema.
“Nawe, Hanuš, udongo huupiga, au huutia maji?”
“Huupiga! Huupiga ngumi kwanza, utoke hewa!”
Mwalimu akakuna kichwa.
Hilo hakuwa amelifikiria.
Walicheka mpaka bia ikamwagika,
na njegere tukazila mwezi wa sita.

Kisha ukaja ule mwezi wa nne wa askari.
Moto ulianzia upande wa maghala
na kila mtu akakimbia na alichokishika:
mto wa manyoya, chungu, jogoo.
Mama alishika ufunguo.
Yeye Halama alirudi ndani.
Tulidhani anafuata karatasi zake,
kazi ya miaka kumi na minne, alikuwa akituonyesha,
rundo refu kuliko kiti.
Alitoka bila nyusi,
na mkononi daftari la majina yetu,
kingo zake bado zikifuka moshi.

Usiku ule, chini ya misonobari, hatukuwashana taa.
Alisoma kwa kumbukumbu, kidole kikipapasa mistari.
Mikuláš wa mchinjaji.
Nipo.
Rejina.
Nipo.
Salomena.
Nipo, nikasema, meno yakigongana.
Vít.

Vít,
akaita tena, polepole,
kama anayebisha kwenye chumba cha mgonjwa.
Bundi mmoja alijibu na hakuna aliyecheka.
Asubuhi nilichungulia daftari.
Hakulifuta lile jina. Aliacha pengo mbele yake,
pana kiasi cha neno moja.

Sasa ninazeeka Silesia, kwa watu wengine,
mjukuu wangu Apolena ananung'unika kwa Kijerumani
na miguu yangu inaijua mvua kabla ya mawingu.
Ubao wa mpeasi ulikwisha majivu.
Nimechora bata kwa mkaa juu ya meza ya unga;
mkwe wangu ataifuta, tutachora tena.
Anasemaje huyu?
Sssss, anasema Apolena, mate yakiruka.

Jioni namwandikisha majina ya darasa letu,
yote, kwa mpangilio, kutoka mlangoni.
“Huyu Vít ni nani, bibi?”
Andika tu, namwambia.
Amechelewa.